Uhuru wa Habari na Uzushi wa Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Sana Lamu na Malindi

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Amu, Mokowe, Mpeketoni, Witu na Malindi: wanafunzi wa sekondari, wavuvi, akina mama wa vyama, maimamu na wachungaji, na vijana wanaosimamia makundi ya WhatsApp. Nimeyaacha jinsi yalivyoulizwa. Anayejibu ni mwandishi wa habari wa hapa pwani, na maoni yaliyomo ni yangu.

Habari za uongo zinaua watu. Si afadhali serikali ifunge vyombo vya habari wakati wa hatari?

Kwamba uongo unaua, hilo halina ubishi. Lakini tazama kinachotokea serikali inapofunga. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa tu, wizara ya usalama wa ndani ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu hawakuacha kutafuta habari. Walizipata kwa SMS, kwa simu za jamaa, kwa maneno ya dukani, na nyingi zilikuwa za kuchochea kabila moja dhidi ya jingine. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika wiki zilizofuata. Sisemi marufuku ndiyo iliyowaua. Baadhi ya redio zenyewe zilikuwa zimeshachangia chuki kabla ya hapo. Nasema marufuku iliwanyamazisha wale ambao wangekanusha uvumi kwa majina na sura zao, uwanja ukabaki kwa wasiojulikana.

Linganisha na Agosti 2022. Tume ya uchaguzi iliweka kwenye tovuti yake fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000. Mtu yeyote, awe Kizingitini au Kisumu Ndogo, aliweza kufungua fomu ya kituo alichopigia kura akaona tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Uzushi haukukosekana mwaka ule: kurasa bandia za magazeti zilisambaa, na hesabu za kubuni pia. Makamishna wenyewe waligawanyika, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Tofauti ni kwamba safari hii madai yalikuwa na kitu cha kupimiwa. Fomu za tovuti zililinganishwa na za asili mbele ya mawakili, na majaji wote saba wakakubaliana katika uamuzi wao wa Septemba 5.

Kwangu mimi hapo ndipo penye jibu la karibu kila swali lililo chini. Uzushi hunenepa pale habari ya kweli inapofichwa, na kuificha zaidi hakujawahi kuukondesha.

Kwa hiyo mnataka kusema Kenya ni nchi ya kidikteta?

La. Nchi yenye mahakama zinazoishinda serikali si ya kidikteta. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, uhuru wa vyombo vya habari katika cha 34, na haki ya kupata taarifa katika cha 35. Kifungu cha 33 chenyewe kinasema uhuru huo hauendi hadi kwenye uchochezi wa ghasia, propaganda za vita na matamshi ya chuki, na naona ni sawa.

Ila tabia za kimabavu hazisubiri nchi iwe ya kidikteta. Machi 2006, maafisa waliofunika nyuso walivamia usiku ofisi na kiwanda cha gazeti la Standard, wakachoma magazeti na kuzima televisheni yake, KTN. Waziri John Michuki akawaambia Wakenya kwamba ukimchokoza nyoka ujiandae kuumwa. Januari 30, 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa, na zikabaki gizani kwa siku kadhaa hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru zirudishwe. Juni 25, 2024, siku moja baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina mpango wa kuzima intaneti, mtandao ulitatizika nchi nzima vijana wakiwa barabarani. Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, mamlaka ileile iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na vingine vikazimwa mitambo. Mahakama ilisimamisha agizo hilo kabla siku haijaisha.

Na kuna yaliyo mabaya kuliko kuzima mitambo. Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa baada ya kuchapisha picha na katuni zilizomkejeli rais, akiwemo mchoraji Gideon Kibet anayejulikana kama Kibet Bull. Walirudi makwao Januari. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya chapisho kuhusu naibu mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha alipigwa. Hiyo taarifa ya kwanza ilikuwa uzushi, na ilitoka kwa watu wenye sare.

Katika orodha ya uhuru wa habari ya shirika la Waandishi Wasio na Mipaka ya 2025, Kenya ilikuwa ya 117 kati ya nchi 180. Mwaka uliotangulia ilikuwa ya 102.

Hayo ya Nairobi. Huku kwetu yanatuhusu nini?

Wa pwani tunayajua haya kabla ya intaneti. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 1969 kwa kijikaratasi kilichouliza nchi inakwenda wapi. Sheria ya uchochezi iliyomfunga ilifutwa 1997, karibu miaka 30 baadaye.

Kwa Lamu, mfano ulio wazi zaidi ni Mpeketoni. Usiku wa Jumapili, Juni 15, 2014, watu wakitazama Kombe la Dunia, wavamizi waliingia mjini. Kwa siku mbili waliuawa zaidi ya watu 60. Al-Shabaab walijitangaza kuwa ndio waliofanya. Tarehe 17 rais akahutubia taifa akasema si Al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Fikiria mtu wa Hindi au Hongwe usiku ule: maiti hazijazikwa, magaidi wanasema sisi, serikali inasema si wao, ni jirani zenu. Kila jamii ilibaki na jibu lake, na kila jibu lilimnyooshea kidole mtu anayekaa mtaa wa pili. Ardhi, kabila, dini, vyote viliingizwa humo. Kisha likaja katazo la kutoka usiku, miezi kadhaa. Mwandishi ambaye hawezi kutembea baada ya magharibi atathibitisha vipi?

Baada ya hapo, Desemba 2014, Bunge lilipitisha kwa vurugu sheria ya usalama iliyobana namna ya kuripoti ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo vya habari. Naikumbusha kesi hiyo kwa sababu bado kuna maafisa wanaowaambia waandishi kwamba kuuliza kuhusu operesheni ni kosa. Kuanika mahali askari walipo kunaweza kuhatarisha maisha, na mwandishi mwenye akili hafanyi hivyo. Lakini kuuliza ni nani aliyekamatwa, amepelekwa wapi, na kwa nini familia yake haijaambiwa, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Ujumbe wa sauti ukiingia usiku kwamba wameonekana, nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza mara nyingi ni akina mama wenye watoto barabara ya Garsen. Chukua ujumbe wa namna hii, nimeutunga kwa mfano:

"Asalaam aleikum jamaa. Haya maneno nimeyapata kwa mtu wa ndani kabisa. Hao watu wameonekana usiku huu njia ya Witu, ni wengi, wana pikipiki. Serikali yajua lakini yaficha. Tuma kwa makundi yote kabla hawajaifuta."

Usikilize polepole. "Mtu wa ndani" hana jina wala kazi, na huwezi kumrudia kumuuliza. "Wameonekana" haisemi nani aliyewaona. "Usiku huu" ni usiku upi? Sauti haina tarehe, na ujumbe uleule unaweza kurudi baada ya miezi sita na bado ukasikika mpya. "Serikali yaficha" imewekwa pale ili ukanushaji wowote utakaokuja uonekane ushahidi wa kuficha. Na hiyo haraka ya mwisho, tuma kabla hawajaifuta, ni ya kukunyima dakika kumi za kufikiri.

Kisha angalia juu ya ujumbe. Mishale miwili kwenye WhatsApp maana yake umepita angalau mikono mitano kabla ya kukufikia, kwa hiyo aliyekutumia naye katumiwa. Muulize swali moja: "Wewe umesikia kwa nani?" Ukipata jibu "hata mimi nimetumiwa tu", umeshapata nusu ya ukweli. Baada ya hapo mpigie mtu aliye pale: mwenye duka Witu, dereva wa matatu aliyepita leo, mwalimu. Mtu wa pale akisema kimya, na wa pili akisema kimya, una habari bora kuliko kundi zima.

Sasa lililo gumu. Lamu uvumi mwingine huwa kweli. Magari yameshambuliwa kwenye barabara ile, na watu wamepoteza maisha. Kwa hiyo simwambii mtu apuuze. Ukiogopa, usisafiri, fungia watoto ndani, mjulishe mzee wa kijiji au chifu. Hayo hayahitaji uthibitisho. Kinachohitaji uthibitisho ni kutuma kwa makundi yote, kwa sababu ujumbe huo ukifika Mpeketoni utakuwa umeshaongezewa kabila la "hao watu".

Na picha na video?

Picha nyingi za uongo ni picha za kweli za mahali pengine: mlipuko wa Mogadishu ukaambiwa ni Kiunga, mafuriko ya nchi nyingine yakaitwa ya Tana. Ipitishe picha kwenye Google Lens au TinEye uone ilianza kuonekana lini. Tazama nambari za magari, maandishi ya mabango, sare, upande wa barabara magari yanapopita. Video ivunje vipande, uchukue picha za skrini mbili tatu na kuzitafuta. Zilizotengenezwa na akili unde zinazidi kuwa ngumu kuzitambua kwa macho, kwa hiyo usihesabu vidole tu. Tafuta nani aliichapisha kwanza na kama kuna mwingine aliyekuwa pale aliyepiga kutoka upande wake. Africa Check na PesaCheck hupima madai yanayosambaa Kenya, na unaweza kuwatumia la kwako.

Nani hasa anatengeneza uzushi huu? Ni vijana wasio na kazi?

Wengine ndiyo, lakini kuna anayewalipa. Mwaka 2021 uchunguzi wa shirika la Mozilla ulionyesha jinsi vijana wa Twitter nchini walivyokuwa wakilipwa dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku, ili kusukuma hashitegi na kuwachafua majaji na wanaharakati, wakati wa mabishano ya BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba. Mwaka 2018 wakuu wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kampeni za kisiasa, walinaswa na kamera ya siri wakijigamba kuhusu kazi yao katika chaguzi za Kenya za 2013 na 2017. Al-Shabaab nao wana mitambo yao: waliposhambulia kambi ya Manda Januari 5, 2020, walitangaza ushindi mkubwa kuliko uliotokea. Jeshi la Marekani lilithibitisha Wamarekani watatu waliouawa. Kijana wa kijiweni anayelipwa ni wa mwisho kwenye mnyororo, na kumkamata yeye peke yake hakumfikii mwenye pesa.

Serikali ikisema habari fulani ni feki, si basi?

Serikali ni chanzo kimoja. Chanzo kikubwa, chenye nyaraka, na chenye sababu zake. Ipime kama unavyopima wengine.

Walioupinga mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, Lamu, waliitwa wachochezi na wapinga maendeleo, na wengine walikamatwa. Walichokuwa wakisema ni kwamba wananchi hawakuelezwa athari za kiwanda cha megawati 1,050 karibu na bahari yao. Juni 26, 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Oktoba 2025 rufaa ya kampuni ikatupwa na mahakama ya ardhi na mazingira ya hapa Malindi. Vivyo hivyo bandari ya Lamu: Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu ilisema haki za wavuvi zilivunjwa, ikiwemo haki ya kupewa taarifa, na ikaagiza fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Mambo yaliyoitwa porojo za wapinzani yaligeuka kuwa hukumu.

Shakahola. Mbona waandishi hawakuandika mapema?

Waliandika kidogo. Mhubiri Paul Mackenzie, ambaye wafuasi wake walikufa njaa msituni Shakahola, alipokamatwa Malindi mwaka 2017, ilitangazwa. Aliposhtakiwa tena kwa mahubiri dhidi ya usajili wa raia wa Huduma Namba na masomo, ilitangazwa. Wakati huohuo mahubiri yake yalikuwa hewani na mtandaoni, mtu anayatazama akiwa kitandani kwake. Kilichokosekana ni ufuatiliaji: nani ameuza shamba, nani amewatoa watoto shule, familia zile zimehamia wapi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Hili linaniuma, na sitaki kulilaza kwa serikali peke yake. Sehemu yake ni namna tunavyofanya kazi, ambayo ndiyo swali linalofuata.

Waandishi wa huku mnaogopa au mmenunuliwa?

Yote mawili yapo, na la tatu ni umaskini. Waandishi wa mashinani wengi wao hawana mshahara. Wanalipwa kwa habari iliyochapishwa. Kwenda Kiunga kwa boti, kulala, na kurudi kunaweza kula malipo ya habari nyingi. Atakayemlipia mafuta ni nani? Mara nyingi ni mwanasiasa au ofisi iliyomwalika, na bahasha ya "nauli" mwisho wa mkutano. Ukishakula nauli ya mtu ni vigumu kuandika kwamba zahanati aliyoizindua haina dawa.

Juu yake kuna matangazo. Vituo vidogo na magazeti hutegemea pesa za kaunti na za serikali kuu, na malipo hayo hucheleweshwa hadi chombo kinapiga magoti. Machi 2024 wizara iliagiza matangazo ya serikali ya redio na televisheni yaende KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali. Hakuna mwandishi aliyefungwa kwa agizo hilo, lakini mhariri mwenye mishahara ya kulipa alielewa ujumbe. Ukitaka mwandishi asiyenunulika, nunua gazeti, na ukiona habari ya kweli iliyofanyiwa kazi, isambaze hiyo kwa bidii ileile ya uvumi.

Jamaa zetu Tanga, Pemba na Dar walipotea mtandaoni. Nini kilitokea?

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, Tanzania ilizima intaneti, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Mtandao wa X ulikuwa umezuiwa tangu Mei, na JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, ulisimamishwa kwa siku 90 mwezi Septemba. Hatua hizo zilijengwa kwa miaka: kanuni za 2018 zilizowataka wanablogu walipie leseni, gazeti la Mwananchi kufungiwa mtandaoni miezi sita mwaka 2020, na Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, aliyetoweka Novemba 2017. Uganda nayo ilizima intaneti Januari 2021.

Matokeo yake huku kwetu mliyaona wenyewe. Kwa siku zile hakuna aliyeweza kumpigia shangazi Tanga kwa WhatsApp kuuliza, huku video za maiti zikisambaa, mpya na za zamani zikichanganyika. Waliozima walisema wanalinda amani. Waliotaka kujua kama ndugu zao wako hai waliachiwa video zisizo na tarehe.

Nikifowadi kitu kikawa uongo, nitafungwa?

Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ilipopitishwa 2018 iliweka adhabu kwa anayechapisha uongo kwa makusudi: kifungu cha 22 kilikuwa na faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka miwili, na cha 23, kinachohusu kuzua hofu au ghasia au kuharibia mtu jina, kifungo hadi miaka 10. Chama cha wanablogu kilikwenda mahakamani 2018; Februari 2020 Mahakama Kuu iliipitisha sheria, na vita vya kisheria vikaendelea. Ukishtakiwa, jambo la kwanza kumuuliza wakili ni kifungu kinasimama vipi leo, na la pili ni kama upande wa mashtaka unaweza kuonyesha ulijua ni uongo.

Fahamu pia kwamba vifungu kadhaa vilivyokuwa vikitumiwa kuwatisha watu vimeshafutwa: kutumia vibaya kifaa cha mawasiliano (2016), kashfa kama kosa la jinai, na kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma (vyote 2017). Afisa akikutajia kimoja cha hivyo, mwombe akiandike.

Polisi wakitaka simu yangu?

Uliza kama umekamatwa na kwa kosa gani. Katiba, kifungu cha 49, inakupa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Faragha ya mawasiliano yako iko kifungu cha 31. Usipigane, usifute mambo mbele yao. Hakikisha mtu wa nyumbani anajua umepelekwa kituo gani na umeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, kwa nambari ipi.

Nawezaje kuiomba ofisi taarifa rasmi badala ya kungoja uvumi?

Kwa barua, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Kila raia anaweza, kwa Kiswahili au Kiingereza, na huhitaji kueleza sababu. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo na afisa akamwandikia. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu.

Andika kitu kimoja kinachoshikika. "Naomba taarifa kuhusu barabara" utazungushwa. "Naomba nakala ya kandarasi ya barabara fulani, jina la mkandarasi, kiasi kilicholipwa hadi sasa na tarehe ya kumaliza" ni vigumu kuikwepa. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, kama kijana aliyechukuliwa usiku, ni saa 48. Wakikataa, una siku 30 kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Peleka barua nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku zinahesabiwa kuanzia hapo.